Je, wajua kwa nini ofisi ya umma huuliza njia ya kutokea kabla haijaingia kwenye wingu?

Hapa Moshi wingu halina fumbo. Ikifika saa nne asubuhi Kibo kimeshajifunika, na mgeni aliyechelewa kuamka anaondoka bila kuuona mlima. Ila siku hizi kuna wingu jingine, na hilo tunakutana nalo dirishani tukienda kulipa.

Juzi nilikuwa kwenye foleni ya ofisi moja ya umma, nasubiri namba ya malipo, ile tunayoiita kontroo namba. Dada wa dirishani akatugeuzia skrini kidogo tujionee wenyewe. Kiduara kinazunguka tu.

"Mfumo haupo, baba. Vumilieni kidogo."

"Haupo umekwenda wapi?" akauliza mzee mmoja wa Kibosho nyuma yangu. Watu wakacheka, lakini swali lake lilikuwa zito kuliko alivyodhani.

Mfumo una mahali ulipo. Wingu ni seva, yaani kompyuta za kuhifadhi data, za mtu mwingine, zimepangwa kwenye jengo lenye umeme wa uhakika na viyoyozi, nawe unakodi nafasi humo. Sisi wa Kilimanjaro tungelielewa upesi kama tungeambiwa ni ghala. Mkulima akipeleka kahawa ghalani hupewa stakabadhi: magunia yako kwa mwingine, ila kahawa bado ni yake. Mkoa huu uliokuwa na KNCU, chama kikuu cha ushirika cha wakulima wa kahawa, tangu 1933 unajua maswali ya kumuuliza mwenye ghala. Ufunguo anao nani? Ghala likiungua, je? Na siku nikitaka kutoa magunia yangu, utanitoza nini?

Swali hilo la mwisho ndilo linalowaponyoka wengi. Kampuni kubwa za wingu kwa kawaida hazikutozi unapoingiza data, ila unapoitoa unalipa kwa kila gigabaiti inayovuka kiwango cha bure. Ofisi ikishapakia rekodi za miaka kumi, kuhama kunakuwa na bei ambayo haikuwemo kwenye bajeti. Mwaka 2024 Google, Amazon na Microsoft zilitangaza kuwaondolea ada hiyo wateja wanaohama kabisa. Ni nafuu, lakini kwa maoni yangu ada haikuwa kufuli kubwa hata siku moja. Kufuli kubwa ni umbo la data yenyewe. Ukirudishiwa mafaili ambayo hayafunguki ila kwa programu ya yule yule uliyemkimbia, umerudishiwa nini? Ndiyo sababu afisa TEHAMA makini hudai kwenye mkataba kwamba data itoke katika muundo wa wazi unaosomeka na programu yoyote, na anataka aonyeshwe inavyotoka kabla hajasaini.

Wenzetu wa München, Ujerumani, walilionja hili. Walihamisha maelfu ya kompyuta za jiji kwenda Linux, mfumo wa kuendesha kompyuta usiomilikiwa na kampuni moja, ili wasifungwe na kampuni moja, kisha 2017 madiwani wakapiga kura kurudi Windows ya Microsoft. Moja ya malalamiko ilikuwa mafaili kutosomana vizuri na ya ofisi nyingine. Ajabu ni kwamba 2024 jimbo moja la huko huko Ujerumani, Schleswig-Holstein, likatangaza kuhamishia LibreOffice, programu huria ya kazi za ofisi, kompyuta zipatazo 30,000. Ubishi huo haujaisha.

Halafu ghala liko wapi? Microsoft ilifungua vituo vyake Afrika Kusini 2019, na Amazon ikafungua cha Cape Town 2020. Umbali si tatizo sana, maana mwanga ndani ya nyaya huumaliza kwa sehemu ndogo ya sekunde. Tatizo ni sheria. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, na imeweka masharti ya kupeleka taarifa za watu nje ya nchi. Marekani nayo ina sheria ya 2018 inayoiruhusu kuidai kampuni ya Kimarekani data iliyo mikononi mwake, hata kama seva ziko nje ya Marekani. Kwa hiyo kuambiwa "seva ziko Afrika tu hapa" hakutoshi. Uliza mwenye ghala ni raia wa wapi.

Kuna na nyaya zenyewe. Mei 12, 2024 mikongo miwili ya baharini, EASSy na Seacom, ilikatika, na intaneti ikawa ya kusuasua Afrika Mashariki nzima. Siku kama hizo, ofisi iliyoweka kila kitu ng'ambo inabaki kutazama kiduara. Mawasiliano yanayoishia humu humu nchini hayalazimiki kwenda baharini. Arusha, mwendo wa kama kilomita 80 tu kutoka hapa, ina kituo chake cha kubadilishana intaneti, AIXP, kwa kazi hiyo hasa.

Basi tujenge ghala letu, tuweke kila kitu nyumbani, si ndiyo? Korea Kusini ilifanya hivyo. Septemba 26, 2025 moto wa betri ulizuka kwenye kituo cha data cha serikali mjini Daejeon, na mifumo zaidi ya 600 ikazimika. Mingi ilirudi polepole. Lakini hifadhi moja ya mafaili ya watumishi wa umma, terabaiti 858, iliteketea moja kwa moja. Haikuwa na nakala mahali pengine kwa sababu ilionekana kubwa mno kunakiliwa. Nchi inayotengeneza chipu za kumbukumbu kwa ajili ya dunia nzima!

Kwa hiyo jibu la ofisi nyingi ni mchanganyiko. Taarifa za watu zinabaki nchini, tovuti ya matangazo inaweza kukaa popote, na nakala rudufu inawekwa kwenye jengo jingine, ikiwezekana mji mwingine. Huku kwetu ofisi hazichagui zikiwa peke yake. Sheria ya Serikali Mtandao ya 2019 iliunda mamlaka ya kuweka viwango, ili mfumo wa maji na ule wa leseni isiwe kama majirani wasiosalimiana. Namba ya malipo ni tunda la fikra hiyo: tangu 2017 taasisi za umma zimekuwa zikiingizwa kwenye lango moja la malipo. Uzuri wake unaujua. Ubaya wake ni kwamba lango likikwama, foleni zote zinakwama kwa pamoja.

Yetu ilisogea saa saba na dakika kadhaa. Mzee wa Kibosho alipopata namba yake kwenye simu, hakuondoka. Aliomba kalamu, akamsihi dada amwandikie na nyuma ya risiti ya zamani, tarakimu zote kumi na mbili.

"Simu hii nayo huzima," akasema, akaikunja ile karatasi na kuitia mfuko wa shati.