TIN ya biashara: namba yenyewe ni nini, na deni hutoka wapi

Chukua risiti yoyote ya EFD, ile mashine ya kielektroniki ya kutoa risiti, ya kituo cha mafuta au ya duka la vifaa vya ujenzi, uitazame juu kabisa. Chini ya jina la duka kuna mstari ulioandikwa TIN, kisha tarakimu tisa, mara nyingi zimetenganishwa tatu tatu kwa vistari. Hiyo ndiyo namba ambayo Serikali humjulia mwenye duka. Majina hufanana, maana duka linaloitwa kwa Mangi liko karibu kila mtaa. Tarakimu tisa hizo ni za mtu mmoja tu.

Kwa Kiswahili TIN ni Namba ya Utambulisho wa Mlipakodi. Hutolewa na Mamlaka ya Mapato Tanzania, TRA, na hutolewa bure. Narudia neno bure kwa sababu kuna watu wanaolipishwa kila siku. Mdogo wangu, fundi cherehani wa Mbagala, alimpa kijana wa steshenari shilingi 30,000 "amshughulikie TIN". Alichonunua ni dakika chache za kujaza fomu kwenye kompyuta, jambo ambalo simu yake ingeweza kulifanya. Ada ya mtu wa kukuchapia na kukutolea kopi si dhambi, mradi ujue kwamba unamlipa yeye na si Serikali.

Jirani zetu wa Kenya wana PIN ya KRA, mamlaka yao ya mapato, inayoanza na herufi A ikiwa ni ya mtu binafsi na P ikiwa ni ya kampuni. Kazi yake ni ileile.

Watu wengi huichanganya TIN na karatasi nyingine zinazobandikwa ukutani dukani. Usajili wa BRELA, wakala wa Serikali wa usajili wa biashara, ni wa jina la biashara: unazuia mwingine asijiandikishe kwa jina hilohilo. Leseni ya biashara ni ruhusa ya kufanya shughuli fulani mahali fulani, na biashara nyingi ndogo huipata halmashauri. VRN ni namba ya waliosajiliwa kwa VAT, yaani kodi ya ongezeko la thamani. Tangu Julai 2023 usajili huo unamhusu mwenye mauzo ya kuanzia shilingi milioni 200 kwa mwaka, kutoka milioni 100 za awali, kwa hiyo fundi na mama ntilie hawana haja ya kuihofia. TIN hutangulia, kwa sababu leseni huipati bila kuonyesha TIN na cheti kwamba kodi yako haina tatizo.

TIN ni moja kwa mtu mmoja. Ukiwa na saluni Temeke na genge Kigamboni, zote mbili ziko chini ya tarakimu zilezile, moja ikiwa kama tawi. Kampuni au ubia ni mtu mwingine kisheria, kwa hiyo hupewa yake. Hapa ndipo madereva wa bodaboda hukwama. Wengi wao tayari wana TIN isiyo ya biashara, waliyoipata walipotafuta leseni ya udereva au waliposajili pikipiki. Siku wanapofungua duka la vipuri wanaomba TIN mpya, mfumo unawakataa, na wao wanadhani NIDA yao, yaani kitambulisho cha taifa, ina kasoro. Cha kufanya ni kuomba ile ya zamani igeuzwe kuwa ya biashara. Namba haibadiliki, ila sasa inabeba taarifa za biashara.

Kugeuzwa huko kunaonyesha jambo ambalo ningependa kila mwenye cherehani, kiosk au meza ya chipsi alijue: namba peke yake haikudai kitu. Mwaka 2022, bajeti ilipopendekeza kila mwenye miaka 18 na kitambulisho cha taifa apewe TIN, mitaani ilisikika kama kila kijana ameshaandikiwa deni. Haikuwa hivyo. Mwanafunzi mwenye TIN isiyo ya biashara hadaiwi hata senti kwa kuwa nayo tu. Deni huanza kwenye makadirio, yaani pale ofisa wa kodi anapokisia mauzo yako ya mwaka na kukuwekea kiwango. Watu husema "nimechukua TIN nikaambiwa nadaiwa laki moja", lakini laki hiyo ilitoka kwenye majibu waliyoyatoa dakika kumi baada ya namba kutoka.

Kuiomba si kazi kubwa. Unahitaji namba ya NIDA, ile ndefu ya tarakimu 20 inayoanza na mwaka wako wa kuzaliwa. Ukiwa nayo unaweza kuanza maombi kwenye tovuti ya TRA, au uende ofisi ya TRA ya wilaya iliko biashara yako. Kwa biashara utaulizwa unafanya nini na uko wapi, kwa hiyo beba barua ya serikali ya mtaa na mkataba wa pango kama umepanga fremu. Mkataba nao una mambo yake: hulipiwa ushuru wa stempu, na pango la biashara lina kodi ya zuio ya asilimia 10. Kisheria zuio hukatwa na mpangaji kwenye fedha ya mwenye nyumba na kupelekwa TRA. Kwa kweli wenye nyumba wengi wa Dar es Salaam watakuambia "hayo ni yako na TRA, mimi nataka hela yangu kamili". Mpatane kabla ya kusaini. Ukishalipa miezi sita mkononi, huna tena cha kukata.

Sheria ya Usimamizi wa Kodi ya 2015 inataka anayeanza biashara aombe TIN ndani ya siku 15 tangu aanze. Wachache hufanya hivyo. Wengi huenda siku wanapoambiwa watafungiwa fremu, au wanapopata tenda ya kushona sare za shule na shule ikataka risiti.

Sasa twende kwenye kiti cha makadirio, kwa sababu hapo ndipo fedha hupotea. Mdogo wangu alikaa mbele ya ofisa, akaulizwa kwa upole kabisa:

"Kaka, kwa siku unaingiza shilingi ngapi?"

Akajibu elfu ishirini na tano. Ndivyo alivyoingiza wiki ile, nayo ilikuwa wiki ya kuelekea Idi, wakati fundi halali usingizi. Siku ya kawaida hufikisha elfu kumi na tano. Alitaja siku yake nzuri kwa sababu mtu akiulizwa kazi inaendaje hapendi kuonekana amefulia.

Tupige hesabu kwa viwango vilivyowekwa na Sheria ya Fedha ya 2019 kwa mfanyabiashara mdogo mmoja mmoja. Mauzo ya mwaka yasiyozidi shilingi milioni 4 hayana kodi ya mapato. Mstari huohuo wa milioni 4 ndio uliotumika Desemba 2018, Rais Magufuli alipoanzisha vitambulisho vya machinga vya shilingi 20,000. Kati ya milioni 4 na milioni 7, asiyetunza kumbukumbu hulipa 100,000 kwa mwaka. Kati ya milioni 7 na milioni 11, hulipa 250,000.

Elfu kumi na tano kwa siku, siku 26 kwa mwezi, miezi 12, ni shilingi 4,680,000. Elfu ishirini na tano kwa hesabu hiyohiyo ni 7,800,000. Maneno mawili ya kujikweza mbele ya meza yakamtoa fundi kwenye laki moja yakampeleka kwenye laki mbili na nusu. Hakudanganywa na mtu. Yeye mwenyewe ndiye aliyeichukua wiki ya Idi akaizidisha mara mwaka mzima.

Mwenye daftari huhesabiwa tofauti. Anayetunza kumbukumbu, katika kundi la milioni 4 hadi 7, hulipa asilimia 3 ya kile kinachozidi milioni 4. Kwa mauzo ya 4,680,000, kinachozidi ni 680,000, na asilimia 3 yake ni shilingi 20,400. Linganisha na laki moja. Hiyo tofauti ya karibu elfu themanini ndiyo bei ya daftari la shilingi elfu mbili linaloandikwa kila jioni: tarehe, gauni la nani, bei, kiasi kilicholipwa. Uandike na siku za sifuri, kama ile siku umeme ulipokatika asubuhi na kurudi usiku. Daftari lisilo na siku mbaya hata moja hakuna atakayeliamini.

Ila jambo moja halinikai vizuri. Kodi hii hupimwa kwa mauzo, haipimwi kwa faida. Kwa fundi haina uchungu mkubwa, maana kitambaa huja na mteja na yeye anauza jasho lake. Muuza sukari wa rejareja anapata faida nyembamba kwa kila kilo huku mauzo yake yakisoma mamilioni. Kwenye kundi moja hukaa watu wawili ambao jioni hawarudi nyumbani na kitu kinachofanana. Kama uko upande wa sukari, kumbukumbu kwako si hiari.

Baada ya makadirio unapewa namba ya malipo, unalipa kwa simu au benki, na deni la mwaka hugawanywa mara nne: mwisho wa Machi, Juni, Septemba na Desemba. Laki moja inakuwa elfu ishirini na tano kila robo. Kisha unaomba cheti cha kodi, halafu ndiyo unakwenda halmashauri kwa ajili ya leseni. Makadirio yakikuzidi una haki ya kuyapinga kwa maandishi, na ndivyo mdogo wangu alivyofanya, safari hii akiwa na daftari la miezi mitatu kwapani.

Kuna kipande ambacho ni nadra mtu kukutajia siku ya kwanza: biashara ikifa, TIN haifi nayo. Binamu yetu alifunga genge lake akahamia Kahama, akaacha meza kwa jirani na kufuli kwa mwenye fremu. TRA hakuwaarifu. Kwenye mfumo aliendelea kuuza nyanya miaka mitatu mfululizo, makadirio yakija, adhabu na riba zikipanda juu yake. Alikuja kujua alipotaka kusajili pikipiki kwa tarakimu tisa zilezile. Angeandika barua mwezi ule wa kufunga, akaambatanisha na ya serikali ya mtaa inayosema fremu imefungwa, akabaki na nakala yenye muhuri wa kupokelewa, yangeishia hapo. Barua hiyo aliiandika hatimaye, akiwa na deni, na mwenyekiti wa mtaa aliyeshuhudia genge likifungwa alikuwa ameshabadilishwa.