Lugha Isiyobagua Jinsia katika Kihispania na Kiingereza: Ufafanuzi kwa Wafasiri na Umma

Katika miezi ya karibuni kitengo chetu cha tafsiri kimepokea malalamiko mengi ya wafasiri, wanafunzi na waombaji wa kazi katika mashirika ya kimataifa, ambao nyaraka zao za Kihispania au Kiingereza zimerudishwa kwa maelezo kwamba hazikuzingatia lugha isiyobagua jinsia. Wengine wamerudishiwa kwa sababu iliyo kinyume, yaani wameizingatia mahali isipotakiwa. Hatuna shaka na nia njema ya wahusika. Hata hivyo, wengi wanashikilia dhana kwamba huu ni mjadala mmoja wenye jibu moja, linaloweza kuchukuliwa kutoka lugha hii na kupachikwa katika lugha ile, na dhana hiyo si sahihi.

Katika Kiingereza, jinsia hujitokeza hasa katika viwakilishi vya nafsi ya tatu umoja na katika baadhi ya majina ya kazi, hivyo kulitumia neno “they” (“wao”) kwa mtu mmoja huondoa sehemu kubwa ya tatizo. Tunaambiwa kila mara kwamba matumizi hayo yalibuniwa juzi na vijana wa Marekani. Si kweli. Yamo katika maandishi tangu karne ya 14, pale mtu anayetajwa asipojulikana, na sheria ya Bunge la Uingereza ya mwaka 1850, iliyoelekeza kwamba maneno ya kiume katika sheria yahesabiwe kuwajumuisha wanawake, ilikuja karne nyingi baadaye. Kilicho kipya ni kulitumia neno hilo kwa mtu anayejulikana, ambaye hajihesabu kuwa mwanamume wala mwanamke. Kamusi ya Merriam-Webster iliingiza maana hiyo mwezi Septemba 2019, na toleo la saba la mwongozo wa uandishi wa APA, yaani Chama cha Wanasaikolojia cha Marekani, likaikubali mwaka huohuo.

Kihispania kina hali tofauti kabisa, kwa sababu kila nomino ina jinsia ya kisarufi, na vivumishi pamoja na vibainishi (kama “los” na “las”) hulazimika kuifuata. Maneno “los alumnos” yanaweza kumaanisha wanafunzi wa kiume peke yao au wanafunzi wote, na hapo ndipo ugomvi ulipo. Wapo wanaotaja pande zote mbili, “los alumnos y las alumnas”, na wapo wanaotumia nomino ya jumla, “el alumnado”. Njia hizi mbili hazivunji kanuni yoyote ya sarufi. Wengine huandika alama ya @ au herufi x, ambazo hazisomeki kwa sauti, na wengine huweka irabu e, kama katika “todes” (“wote”) na kiwakilishi “elle” (“yeye”). Akademia ya Kifalme ya Kihispania, chombo cha kutunza kanuni za lugha hiyo kilichoanzishwa mwaka 1713, inashikilia kwamba umbo la kiume ndilo linalojumuisha wote. Ilipoombwa na Carmen Calvo, aliyekuwa Naibu Waziri Mkuu wa Hispania, iichunguze lugha ya Katiba ya mwaka 1978, ripoti yake ya Januari 2020 haikuona kasoro ya kisarufi. Mwezi Oktoba mwaka huo iliweka “elle” katika orodha ya maneno inayoyafuatilia, kisha ikaliondoa baada ya siku chache. Waliotangaza kwamba neno limeidhinishwa hawakusoma maelezo ya orodha yenyewe, ambayo yanasema wazi kwamba kuwekwa humo si kukubaliwa.

Akademia haina mamlaka ya kumwadhibu mtu. Serikali ndizo zenye mamlaka hayo, nazo hazikubaliani. Mwezi Juni 2022 jiji la Buenos Aires liliwakataza walimu kutumia e, x na @ katika ufundishaji na katika mawasiliano na familia, na Februari 2024 serikali ya Argentina ikatangaza katazo katika utumishi wa umma wa taifa zima. Jijini New York, kwa upande mwingine, mwajiri au mwenye nyumba anayekataa kwa makusudi kutumia kiwakilishi alichokitaja mhusika anaweza kutozwa hadi dola 125,000, au hadi dola 250,000 ikithibitika kwamba alidhamiria ubaya. Hiyo ni faini ya kiraia, haihusiani na kifungo, na mtu aliyeteleza ulimi mara moja hana sababu ya kuiogopa. Katika nchi hiyohiyo, Januari 2025, watumishi wa serikali kuu waliagizwa waondoe viwakilishi vyao katika saini za barua pepe.

Neno “Latinx” linaonyesha vizuri hatari ya kuhamisha jibu. Lilienea katika Kiingereza cha Marekani ili kuwataja watu wenye asili ya Amerika ya Kilatini bila kutaja jinsia, lakini utafiti wa Pew, kituo cha utafiti cha Marekani, wa mwaka 2024 ulionyesha kwamba asilimia 4 tu ya watu wazima wa jamii hiyo hujiita hivyo. Mfasiri asiliweke kwa mazoea.

Tunasikia pia hoja kwamba Mswahili hahusiki, kwa kuwa “yeye” haibagui. Hoja hii inatuchosha, maana ugumu unaanzia hapo hapo. Sentensi “Mkurugenzi amesaini” haisemi kama ni “el director” au “la directora”, na wafasiri wetu wengi huandika umbo la kiume bila kuuliza, wakampotosha msomaji kuhusu mtu halisi aliye hai.

Kwa hiyo, kabla ya kuanza kazi, mfasiri amwulize mteja kwa maandishi waraka unakwenda nchi gani na taasisi gani, na kama taasisi hiyo ina mwongozo wake. Umoja wa Mataifa, ikiwemo ofisi yake ya Nairobi, una mwongozo kwa kila moja ya lugha zake rasmi sita, na ule wa Kiingereza usitumiwe kuhukumu maandishi ya Kihispania. Kila mtu anayetajwa kwa jina athibitishwe jinsi anavyotaka kutajwa. Majibu hayo yaambatishwe kwenye tafsiri inapokabidhiwa, kwa sababu lalamiko lisilo na maelekezo ya mteja kwa maandishi halitashughulikiwa.