Kutoshelezeka kwa kauli ni nini?

Kauli ya mantiki hutoshelezeka ikiwa ipo angalau njia moja ya kuvipa vigeu vyake thamani, kweli au uongo, hadi kauli nzima ikawa kweli. Mwanafunzi wa sayansi ya kompyuta hukutana na dhana hii kila mara katika mantiki tumizi, iwe anapanga ratiba au anahakiki programu.

Chukua boti tatu, A, B na C, zinazovusha abiria kutoka Lamu hadi Mokowe. Herufi ikiwa kweli, boti hiyo inakwenda. Masharti: angalau moja iende; A na B zisiende pamoja; C haina redio, hivyo isiende bila A; B imefunguliwa injini, haiendi.

Kompyuta hulishwa vishazi, yaani vigeu au ukanusho wake vilivyounganishwa kwa “au”. “C ikienda, A iende” huwa “si C au A”. Hapa wengi huteleza, wakaandika “si A au C”. Sasa A ndiyo inayokatazwa kuondoka bila C. Faili, A ikiwa 1, B 2 na C 3, ni hii; mstari wa kwanza hutaja vigeu 3 na vishazi 4, alama ya kutoa ni “si”, na 0 hufunga kishazi:

p cnf 3 4
1 2 3 0
-1 -2 0
-3 1 0
-2 0

Anza na kishazi chenye kigeu kimoja: B ni uongo. Cha kwanza kinabaki “A au C”. Jaribu A uongo: cha tatu kinailazimisha C kuwa uongo, na cha kwanza kinabaki kitupu, yaani hakiwezi tena kuwa kweli. Basi A lazima iende. C iende au ibaki, sawa tu. Davis, Logemann na Loveland waliieleza njia hii mwaka 1962. Jedwali la ukweli, linaloorodhesha kila mpangilio wa thamani, lingetosha hapa, mistari 8 tu, lakini vigeu 20 huzaa mistari 1,048,576. Na mwaka 1971 Stephen Cook alithibitisha kuwa tatizo hili la kutoshelezeka ni NP-kamili, yaani ni kati ya magumu zaidi miongoni mwa matatizo ambayo jibu lake, likishapatikana, hukaguliwa haraka: hadi leo haijulikani njia iliyo ya haraka kwa kila kauli.

Kosa baya zaidi ni kusahau sifuri. Ikidondoka baada ya -1 -2, mistari miwili huungana kuwa “-1 -2 -3 1”, kishazi ambacho ni kweli daima. Masharti mawili yamepotea, na programu inaweza kuiruhusu C baharini peke yake bila redio. Kupima, ongeza mstari “-1 0” na ubadilishe 4 iwe 5: faili sahihi haitoshelezeki, yenye kosa itatoa jibu.