Tishio la Nyuklia: Tuogope Nini Hasa?

Wananchi wa Mbeya na Iringa hutuuliza: je, magaidi wanaweza kupata bomu la nyuklia? Sisi wataalamu wa mionzi tunapopima tishio hili huangalia nia, uwezo na malighafi.

Dola inaweza kuwa na vyote vitatu. Korea Kaskazini ilijitoa kwenye mkataba wa kuzuia kuenea kwa silaha hizi mwaka 2003, ikajaribu bomu lake la kwanza mwaka 2006. Lakini dola ina mji mkuu na watu wake, na inajua ikishambulia itajibiwa. Gaidi hana cha kulinda. Kinachomkwamisha ni malighafi. Urani iliyo ardhini, kama ile ya Mto Mkuju kule Namtumbo, ina takribani asilimia 0.7 tu ya aina inayohitajika. Kwa bomu hurutubishwa, yaani aina hiyo huongezwa hadi ifike karibu asilimia 90, na mitambo ya kazi hiyo haifichiki uani. Kwa hiyo anayekunong'oneza Tunduma kwamba anauza "urani ya bomu" au "zebaki nyekundu", kitu cha kubuni tu, ni tapeli. Ripoti polisi hata hivyo.

Hofu yangu mimi iko kwenye vyanzo vya mionzi vya kazi za kawaida: vya kutibia saratani, vya viwandani, na vilivyo ndani ya vifaa ambavyo wajenzi wa barabara hupimia kama udongo umeshindiliwa vizuri. Haviwezi kulipuka kama bomu la nyuklia, ila mikononi mwa mtu mbaya vinaweza kuchafua mtaa mzima. Na wala si lazima awepo gaidi. Mwaka 1987 huko Goiânia, Brazil, kifaa kilichoachwa kwenye kliniki iliyohamwa kiliibwa, kikauzwa kwa mnunuzi wa vyuma chakavu. Ndani mlikuwa na sesiamu-137, unga wenye mionzi unaong'aa bluu gizani. Watu wakagawiana, wengine wakajipaka mwilini. Wanne walifariki, mmoja wao mtoto wa miaka 6. Zaidi ya watu 100,000 walipimwa.

Ndugu zangu wa vyuma chakavu, kuanzia Mafinga hadi Mwanjelwa: ukikuta chombo kidogo lakini kizito kupita kiasi, chenye alama ya mapanga matatu kama pangaboi, usikikate wala usikipeleke nyumbani. Kaa mbali, zuia watu, ita polisi au Tume ya Nguvu za Atomiki. Kama umeshakigusa, vua nguo, nawa, nenda hospitali na umweleze daktari ulishika nini. Goiânia madaktari walidhani mwanzoni ni ugonjwa wa kitropiki, kwa sababu hakuna aliyewaambia habari za kile chuma.