Aliyeruka dhamana akihamia jimbo lingine: uliza kwanza kama anatakiwa

Marekani, mshtakiwa asiye na fedha za dhamana huilipa kampuni kama asilimia 10 isiyorudishwa, nayo humdhamini kwa kiasi chote. Kwetu Kenya na Tanzania mdhamini huwa ndugu, jirani au mwajiri. Kule ni biashara. Ndiyo maana mtu akiruka dhamana, mara nyingi anayemfuata wa kwanza ni wakala wa kampuni.

Mawakala wengi huegemea hukumu ya Mahakama ya Juu katika kesi ya Taylor v. Taintor, 1872. Majaji waliandika kuwa mdhamini anaweza kumfuata mtu wake hadi jimbo lingine na kumkamata. Wanaoinukuu husahau kwamba wadhamini wa kesi hiyohiyo walishindwa. Mtu wao alidhaminiwa Connecticut, akaenda New York, akakamatwa huko na kupelekwa Maine kwa ombi la gavana wa Maine. Connecticut ikadai fedha zake, ikazipata.

Tangu hapo majimbo yametunga sheria zake. Kentucky, Oregon, Wisconsin na Illinois hayana biashara ya dhamana kabisa. Wakala mgeni akimfunga mtu pingu huko anaweza kushtakiwa yeye. California, kifungu cha 847.5 cha Kanuni ya Adhabu kinamtaka mdhamini wa jimbo lingine aape kiapo cha maandishi mbele ya hakimu, ataje jina la mtoro na mahali alipo, kosa na jinsi alivyovunja masharti ya dhamana, kisha asubiri amri. Na mkataba wa dhamana unamfunga aliyeutia saini tu. Dada yake aliyemhifadhi hakusaini chochote, kwa hiyo kuvunja mlango wake ni jinai. Kumkamata mtu siye kunaweza kuwa utekaji nyara.

Lakini kinachoharibu kazi nyingi ni kitu kidogo zaidi: namba iliyoingizwa pamoja na hati ya kukamata katika NCIC, mfumo wa taifa wa taarifa za uhalifu ambao polisi wa majimbo yote huusoma. Kwa makosa makubwa, 1 ina maana jimbo litamfuata popote nchini. 2, kwa masharti. 3, majimbo jirani tu. 4, halimfuati nje ya mipaka yake. Polisi wa mbali akiona 4 humwachia mtoro aende, kwa kuwa kaunti haitaki gharama ya kumsafirisha. Ukiwa wakala, uliza namba hiyo kabla ya kununua tiketi. Ikiwa hairidhishi, mwandikie mwendesha mashtaka ukiomba aibadilishe, na ujitolee kulipa usafiri.

Akikataa, hujaishiwa. Kwa dhamana ya California, kifungu cha 1305(g) kinaruhusu mtoro azuiwe kwa muda mbele ya askari wa eneo hilo, atambuliwe kwa uhakika, na utambulisho uwekwe katika kiapo. Mwendesha mashtaka akijulishwa na bado hataki arudishwe, mahakama hulifuta deni la dhamana. Bila askari kuwepo, picha zako zote hazikusaidii.

Mimi napendelea polisi wa eneo wamkamate wenyewe, maana hapo sheria ya kurejeshana watoro ndiyo inayoshika usukani. Katika majimbo mengi anaweza kushikiliwa siku 30 kusubiri hati ya gavana ya kumrejesha, na hakimu anaweza kuongeza siku nyingine hadi 60. Akikubali kurudi kwa hiari, husaini mbele ya hakimu na gavana hahitajiki tena. Wape nakala ya dhamana na ya hati ya kukamata zenye muhuri wa mahakama, barua ya idhini ya kampuni na picha ya karibuni. Fotokopi tupu hurudisha watu nyumbani mikono mitupu.

Hesabu siku mapema, maana muda wa kumpata mtoro kabla ya kulipa dhamana una mwisho. California hutoa siku 180 baada ya taarifa ya mahakama. Texas hutoa 180 kwa makosa madogo na 270 kwa makubwa, na mtoro kuwa jela popote Marekani ndani ya muda huo kunatosha. California inaruhusu kuomba nyongeza, ila hakimu atataka kuona juhudi. Basi andika kila simu, kila anwani uliyofika na tarehe yake, siku ileile.