Kichanga hazaliwi akijua kuogelea
Video za vichanga wanaozamishwa majini wakatulia, macho wazi, zimewafanya wazazi wengi waamini kwamba mtoto huzaliwa anajua kuogelea, kisha husahau akikua. Si kweli, na imani hii ni ya hatari.

Kinachoonekana pale ni mwili kujikinga wenyewe. Maji yakimgusa usoni, koo hujifunga, pumzi husimama kidogo na mapigo ya moyo hupungua. Miguu nayo hupigapiga. Lakini kichanga hawezi kuinua kichwa chake kizito juu ya maji ili avute hewa, na uwezo huo wa kuzuia pumzi hufifia kadiri miezi inavyopita. Isitoshe, anayezamishwa mara kwa mara humeza maji mengi. Maji hayo yakishusha sana chumvi ya damu, anaweza kupata degedege.

Chama cha madaktari wa watoto cha Marekani kinasema watoto wengi wanaweza kuanza mafunzo wakifikisha mwaka 1. Chini ya hapo hakuna ushahidi kwamba mafunzo yanazuia kuzama. Kucheza majini mikononi mwa mama ni jambo jema, ila tusiliite kinga.

Na majumbani kwetu hatari haiko baharini tu. Mtoto anayejifunza kusimama huinamia ndoo ya kufulia, kichwa kinamvuta, anatumbukia, wala hapigi kelele. Mwaga maji ukimaliza kufua, funika pipa na kisima. Akiwa majini, mkono wako umfikie muda wote, na simu iwe mbali.