Lamu kwa miguu: anza na nyumba, makumbusho baadaye

Mgeni akishuka botini Lamu, jengo la kwanza la makumbusho analoliona ni lile lenye roshani, pale ufukweni, naye huingia humo moja kwa moja. Liko karibu na lina kivuli, simlaumu. Lakini kazi yangu ni uhifadhi wa majumba ya mawe, na kila anayeniuliza njia ya kuyazungukia makumbusho ya mji huu humwambia alipite jengo hilo kwanza. Akate kichochoro, apande mtaa wa Mkomani, aanze na Nyumba ya Waswahili. Vyombo vingi vinavyoonyeshwa ufukweni vilikuwa vya nyumba kama hiyo. Usipojua kitanda kilikaa chumba gani, au bakuli la kaure liliwekwa wapi na lilionwa na nani, utatoka umeona fanicha nzuri tu.

Safari yenyewe ni fupi. Sehemu ya Mji wa Kale iliyoingizwa kwenye orodha ya UNESCO mwaka 2001 ni hekta 16. Ni mji wa miguu na punda, kwa hiyo punda akija na magunia ya saruji au mawe, egemea ukuta umpishe. Yeye hana pa kukwepea.

Kichochoroni usiharakishe, maana maonyesho yameshaanza. Kuta ni ndefu na upande wa njia karibu hazina madirisha. Kila baada ya hatua chache kuna daka, ukumbi mdogo mbele ya mlango, wenye baraza za mawe pande mbili. Mwanamume asiye wa nyumba hiyo aliishia hapo, na mazungumzo yakaishia hapo. Inua macho uone wikio, chumba kilichojengwa juu ya njia kuunganisha nyumba mbili. Wanawake waliweza kupita kutoka nyumba ya mama hadi ya binti bila kushuka njiani. Kwa mtu wa kazi yangu, wikio ni kumbukumbu ya undugu iliyoandikwa kwa boriti na chokaa: ukiuona, jua familia hizi mbili zilikuwa moja, au zilioana.

Nyumba ya Waswahili ni ya karne ya 18. Ukivuka daka unaingia tekani, ukumbi wa kuingilia, na hapo njia inapinda. Aliye nje haoni ndani hata mlango ukiwa wazi. Kisha kiwanda, ua usio na paa, ambao ndio unaoingiza mwanga na hewa kwa sababu ukuta wa njia umefungwa. Kutoka kiwandani vyumba vinafuatana kimoja nyuma ya kingine: msana wa tini (wa chini), msana wa yuu (wa juu), halafu chumba kiitwacho ndani. Angalia miguu yako unapovuka kila kizingiti. Sakafu inapanda kidogo kila hatua, na mwanga unapungua. Huhitaji kuambiwa kwamba unakaribia mahali pa heshima na faragha zaidi, mwili unajua wenyewe. Nyuma kabisa kuna nyumba kati, ambamo mtoto alizaliwa na maiti ikaoshwa. Kila ninapowaleta wanafunzi wangu hapa nawaomba wanyamaze kwa muda.

Halafu wanauliza kwa nini vyumba ni virefu na vyembamba hivi. Jibu liko juu ya kichwa. Dari inabebwa na boriti za mikoko, na juu yake kuna tabaka nzito la mawe na chokaa. Boriti haiwezi kubeba uzito huo kwa upana unaozidi mita 3 hivi, kwa hiyo chumba kikitaka kuwa kikubwa kinakwenda urefu. Msitu wa mikoko ndio ulioamua kipimo cha maisha ya watu hawa, kuanzia kitanda hadi jamvi la wageni.

Ukuta wa ndani umejaa zidaka, safu juu ya safu za vishubaka vilivyopambwa. Humo ziliwekwa kaure za China, misahafu, na vyombo vya thamani. Nakshi zake hazikuchongwa kwenye jiwe gumu la nchi kavu lililojengea ukuta. Hutumika tumbawe la baharini, ambalo likitolewa majini ni laini, linakatika kwa kisu, kisha linakauka na kuwa gumu. Fundi alilazimika kulichonga mapema. Juu yake hupakwa chokaa iliyotokana na matumbawe hayo hayo, yaliyochomwa na kuzimwa kwa maji, ikaachwa ilale muda mrefu kabla ya kutumika.

Hapa niseme neno linaloniuma. Chokaa inapumua: unyevu na chumvi vinavyopanda ukutani vinapata njia ya kutokea. Saruji inaziba. Mwenye nyumba akipiga plasta ya saruji kwa sababu ni rahisi na inakauka upesi, unyevu unabaki ndani, boriti zinaoza pale zinapoingia ukutani, na plasta inabanduka pamoja na nakshi. Ukitoka Nyumba ya Waswahili tembea polepole kurudi pwani na utaziona kuta za aina zote mbili, zenye chokaa inayochakaa kwa adabu na zenye saruji inayomenyeka vipande vipande. Somo hili halina bango popote, nami nalithamini kuliko mabango mengi.

Sasa ingia Makumbusho ya Lamu. Jengo hili la mwisho wa karne ya 19 lilitumiwa na watawala wa Kiingereza kabla ya kuwa makumbusho, na roshani zake zinazotazama bahari ni kinyume kabisa na nyumba uliyotoka kuiona: hili linajionyesha, ile inajificha. Utakuta kiti cha enzi na vitanda vya kuchonga, na sasa utajua msana wake. Utakuta mfano wa mtepe, jahazi lililoshonwa kwa kamba za makumbi bila msumari. Sehemu ya Wapokomo, Waorma na Waaweer watu wengi huipita mbio. Tafadhali usiipite. Lamu iliishi kwa biashara na jirani zake wa bara, na mji wa mawe peke yake haujielezi.

Simama zaidi mbele ya siwa. Ni baragumu kubwa, mashuhuri zaidi zikiwa ile ya pembe za ndovu ya Pate, kisiwa jirani, na ile ya shaba ya Lamu, na hupulizwa kwa tundu la ubavuni. Haikuwa ngoma ya kila harusi. Ililia kwa waungwana, na kunyimwa siwa kulikuwa kutangaziwa hadharani kwamba wewe si wa daraja hiyo. Habari za Pate zinamtaja Mwana Darini, aliyeomba siwa ya mfalme kwa sherehe ya mwanawe akakataliwa. Hakulia wala hakuomba tena. Aliagiza achongewe yake.

Ukitoka, shika Usita wa Mui, njia kuu ya mji, kuelekea kusini. Kuna karakana ambamo milango na masanduku yangali yanachongwa kwa mkono, na mafundi hawachukii kuulizwa mradi usisimame kwenye mwanga wao. Huu ndio mji wa Muhamadi Kijumwa, aliyekuwa mshairi, mwandishi wa hati nzuri na mchongaji kwa pamoja, na katika milango ya zamani utaona mkono wa kalamu na mkono wa patasi vikifuata mizunguko ile ile.

Ngome iko kwenye uwanja wa Mkunguni. Ujenzi wake ulianza baada ya vita vya Shela, kijiji jirani, ambapo Waamu, watu wa Lamu, waliwashinda Wapate na Wamazrui, watawala wa Mombasa, kisha wakaomba ulinzi wa Sayyid Said wa Oman, na ulikamilika mwaka 1821. Baadaye ikawa gereza, hadi 1984. Leo ni maonyesho na ukumbi wa mikutano ya mji. Panda juu utazame mapaa.

Posta ya Wajerumani, kusini kidogo, ni ya nusu saa. Ilifunguliwa 1888 kwa ajili ya maslahi yao Witu, usultani mdogo wa bara, ikafungwa 1891 baada ya Witu kwenda kwa Waingereza.

Ijumaa adhuhuri milango mingi hufungwa, kwa hiyo anza asubuhi. Usiwapige picha wanawake barazani bila idhini. Na magofu ya Takwa, kule kisiwa cha Manda, yaachie siku nyingine: mkondo wa kuyafikia unapita kati ya mikoko na boti haifiki maji yakitoka, basi muulize nahodha saa ya maji kujaa kabla hamjapatana bei.